Bibi Anapoishi Peke Yake: Kutoka Dungu la Rufiji Hadi Kitufe cha Shingoni



Bibi harusi mmoja aliyekuja kupima nguo aliniuliza swali. Mama mkwe wake anaishi peke yake Kibiti na hataki kuhamia huku kisiwani. Je, ni aibu kumwacha? Nilimjibu kwa habari za bibi yangu.

Bibi alilima mpunga bonde la Rufiji. Msimu wote alikaa kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo, akilinda shamba dhidi ya ndege na nguruwe. Alikuwa peke yake, lakini madungu yalisikilizana. Kila mtu alipiga kelele kufukuza ndege. Dungu la jirani likinyamaza asubuhi, mtu alishuka ngazi kwenda kutazama.

Mwaka 1968 yakaja mafuriko makubwa. Serikali ikawahamisha watu wa bondeni kwenda vijiji vya mahali palipoinuka, katika Operesheni Rufiji. Nyumba zikawa salama na maji, ila mashamba yakabaki mbali. Msimu ukifika wenye nguvu walirudi bondeni, na kwetu wazee walibaki kijijini na watoto wadogo.

Huko Marekani, mwaka 1974, mwanasaikolojia Andrew Dibner na mkewe Susan walianzisha Lifeline. Mzee anavaa kitufe; akianguka anabonyeza, na simu inapigwa kwa mtu wa zamu. Sisi tulipopata simu za mkononi tulikuwa na kubipu. Bibi akibipu mara moja ni salamu, mara tatu mfululizo ni njoo.

Lakini usiku mmoja alianguka uani, na simu ilikuwa ndani, chini ya mto. Alilala chini hadi Alfajiri, jirani alipoona hakutoka kuchota maji ya udhu. Nyonga haikupona vizuri tena. Tangu hapo nashona kifuko cha kitambaa chenye kamba ya shingoni, kinachotosha kitochi. Anakivaa hata akienda chooni.

Kitufe au kitochi, vyote vinahitaji mtu wa kuitika. Aprili 2024 maji yalipofunika tena vijiji vya Rufiji na Kibiti, mzee asiyeweza kutembea alihitaji jirani mwenye mtumbwi.

Kwa hiyo, bibi harusi, kabla hujaondoka Kibiti panga na mumeo mambo matatu: jirani wa kumtazama mama kila asubuhi, namba ya kwanza kwenye kitochi chake, na nani anaitika usiku. Mlipe jirani hata kwa sukari. Katika Suratul Israa aya ya 23 Mola wetu ameutaja uzee wa wazazi waziwazi. Mama mkwe ni mama.

Allah awahifadhi wazee wetu. Amin.