Picha na Maelezo Yake: Vitabu vya Picha na Sanaa Vihusuvyo Pwani ya Kusini ya Kenya

1. Utangulizi

Kwa muda mrefu wanalugha wetu wameviona vitabu vya picha kuwa ni mali ya idara nyingine. Kitabu cha namna hiyo kifikapo maktabani huwekwa katika rafu ya sanaa au ya utalii, na mwanafunzi wa Kiswahili hukipita bila kugeuza shingo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mtazamo huo umetupotezea mengi. Picha haisafiri peke yake. Husafiri na maneno yaliyoandikwa chini yake, na mara nyingi maneno hayo ndiyo yanayoamua kama aliyepigwa picha atabaki kuwa mtu mwenye jina na kwao, ama atageuka kuwa mfano tu wa kabila fulani.

Tutaitazama hasa pwani ya kusini ya Kenya, yaani nchi ya Kwale tangu Likoni, Tiwi na Diani hadi Msambweni, Shimoni na Wasini. Kwanza tutazungumzia istilahi. Pili, historia ya picha katika pwani hii. Tatu, kisa kimoja kilichothibitisha uzito wa maelezo ya picha. Na mwisho tutapendekeza vitabu vichache vya miaka ya karibuni na kueleza wanalugha wana kazi gani navyo.

2. Maneno tuliyo nayo

Kiswahili hakikuwa na upungufu wa maneno kamera ilipofika. Neno sanamu, lenye asili ya Kiarabu, lilitumika kwa mfano wa kitu wowote, uwe wa kuchongwa au wa kuchorwa, na Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 bado inaonyesha upana huo. Palikuwapo pia taswira. Hata hivyo neno lililoshinda ni picha, lililotoka katika Kiingereza, nalo likaingia moja kwa moja katika familia ya kitenzi piga: tunapiga picha kama tunavyopiga chapa, pasi na simu. Sanamu likasukumwa upande wa vitu vya kuchongwa, na taswira likahamia zaidi katika uhakiki wa fasihi.

Tena wenyeji wa pwani hawakusubiri kamera ili wajue kwamba mchoro hutaka maneno. Leso, ambayo kwingine huitwa kanga, ina pindo, ina mji, na ina jina. Mwanamke wa Msambweni anunuapo leso hutazama maua yake, lakini jina hulisoma kabla ya kutoa fedha, kwa kuwa jina ndilo litakalosema naye na litakalosema na jirani yake. Leso isiyo na jina haijakamilika. Kipimo hiki kinatosha kuvipimia vitabu vyote vitakavyotajwa hapa chini.

3. Kutoka kadi za posta hadi mabanda ya Likoni

Picha za kamera zilianza kupigwa mapema katika pwani yetu. Mwaka 1860 James Augustus Grant, aliyefuatana na Speke katika safari ya bara, alipiga picha huko Unguja. Baadaye wafanyabiashara wenye asili ya Goa, miongoni mwao A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho, walifungua studio, na huko Mombasa William D. Young akapiga picha za ujenzi wa reli ya Uganda. Mwanzoni mwa karne ya 20 picha nyingi za pwani ziligeuzwa kuwa kadi za posta zikapelekwa Ulaya. Mpokeaji alisoma chini yake kwamba huyu ni mwanamke wa Kiswahili, au yule ni mchukuzi. Jina la mwenye studio lilichapwa. La mwenye sura halikuchapwa.

Katika studio za mjini mambo yalikuwa tofauti. N. V. Parekh, aliyefanya kazi Mombasa tangu miaka ya 1940, aliwapiga picha watu waliokuja kwa hiari yao, wamevaa watakavyo, wakajua picha itatundikwa wapi na nani ataiona. Picha ya namna hiyo haikuhitaji maelezo ya kuandikwa, kwa sababu maelezo yake yalikuwa vinywani mwa jamaa. Huyu ni shangazi siku ya arusi yake. Huyu ni babu kabla hajasafiri. Hapo tunapata jambo la kukumbuka: picha ya nyumbani hupoteza jina pindi itokapo nyumbani. Ikiuzwa au ikirithiwa na mgeni, maelezo yake hubaki nyuma.

Kwa mtu wa Kwale, mlango wa kuingilia mjini ni kivuko cha Likoni. Katika miaka ya 1990 palikuwa hapo mabanda ya wapiga picha, wengi wao wakiwa wametoka bara, waliochora mapazia ya meli na ndege na kuyapamba kwa maua ya plastiki. Abiria wa feri alisimama mbele ya pazia akapata picha ya safari ambayo pengine hakuwahi kuifunga. Heike Behrend, mwanaanthropolojia wa Ujerumani, aliandika juu ya wapiga picha hao katika jarida la African Arts mwaka 2000. Makala yake yana thamani zaidi yakisomwa pamoja na historia ya ghasia za Agosti 1997 katika Likoni na Kwale, zilizowalenga hasa watu wa bara. Pazia lililochora dunia pana lilisimama mahali ambapo watu walikuwa wakiulizana nani ni mwenyeji na nani ni mgeni.

Upande wa Diani, hoteli za ufuoni zilizalisha picha za aina nyingine: mchanga mweupe, minazi, na jahazi moja kwa mbali. Vitabu vikubwa vya kitalii viliendeleza mtindo huo, ingawa baadhi yake vilikuwa kazi ya mafundi hodari wa hapa hapa, mathalani Journey through Kenya cha mwaka 1982, chenye picha za Mohamed Amin na Duncan Willetts. Ufundi wao hauna shaka. Lakini pwani ikionyeshwa mara nyingi kama ufuo mtupu, msomaji hawezi kukisia kwamba pembeni mwa hoteli hizo, kwenye mdomo wa mto Mwachema, umesimama msikiti wa kale wa Kongo ambao bado unasaliwa, wala kwamba Kaya Kinondo iko karibu.

4. Kigango na picha ya mwaka 1985

Kisa kinachofuata hakikutokea Kwale bali kwa Wagiriama, kaskazini ya Mombasa. Twakileta hapa kwa kuwa Wagiriama, Wadigo na Waduruma ni ndugu katika Wamijikenda, na kwa kuwa hakuna kisa kingine kinachoeleza wazi zaidi tunayoyasema.

Kigango ni nguzo ya mbao iliyochongwa na kusimamishwa kwa ajili ya mzee marehemu aliyekuwa mwanachama wa chama cha Gohu. Kwa desturi haiondolewi mahali pake. Tangu miaka ya 1970 vigango vingi viliibwa, vikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara, vikaishia katika makumbusho na nyumba za matajiri wa Marekani. Mwaka 1986 kilitoka kitabu cha Ernie Wolfe kiitwacho Vigango, chenye pia mchango wa mwanaanthropolojia David Parkin, ambacho kilivitambulisha kwa wapenzi wa sanaa wa huko. Tatizo ni kwamba katika mikusanyo ya ng'ambo kigango kilifika kikiwa sanaa ya Kenya tu. Marehemu aliyesimamishiwa hakutajwa.

Mwaka 1985 Monica Udvardy, mwanaanthropolojia, alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama mbele ya vigango viwili vya ndugu zake waliokufa. Muda si mrefu vikaibwa. Mwaka 1999 Udvardy na mwenzake Linda Giles walivitambua: kimoja kilikuwa katika mkusanyo wa chuo kikuu cha jimbo la Illinois, na cha pili katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Mwaka 2007 vilirejeshwa kwa familia, na mzee yule alikuwa amekwisha kufa. Makumbusho mengine yamefuata njia hiyo, likiwamo la Denver, lililoamua kurudisha vigango 30.

Ni nini kilichovirudisha? Picha peke yake isingetosha, kwa maana picha za vigango zilikuwa nyingi. Kilichovirudisha ni picha iliyoambatana na jina la mwenye mji, jina la mahali na mwaka. Vigango vingine vingi vimekwama ughaibuni kwa kukosa maelezo hayo hayo. Maelezo ya picha yalikuwa hati ya kudai haki.

5. Vitabu vinavyopendekezwa

Kwa kipimo hicho, twapendekeza vitabu vitatu kwa maktaba za vyuo vyetu.

Cha kwanza ni Contesting Visibility cha Heike Behrend (2013), juu ya desturi za upigaji picha katika pwani ya Afrika Mashariki. Ubora wake ni kwamba hakidhani kila mtu anataka kuonekana. Kinaeleza jinsi Waislamu wa pwani walivyojadiliana juu ya sura, stara na haki ya mwanamke kutoonyeshwa. Mwanalugha atafaidika kukisoma akiwa na maneno stara, haya na heshima mkononi, ayapime.

Cha pili ni World on the Horizon (2018), kilichohaririwa na Prita Meier na Allyson Purpura kwa ajili ya maonyesho ya sanaa za Waswahili yaliyoanzia katika makumbusho ya Krannert, Illinois, na kujumuisha vitu vilivyoazimwa kutoka Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kinafaa kwa upana wake: mbao, nguo, vito, maandishi na picha vimewekwa pamoja, kama vinavyokaa pamoja nyumbani.

Cha tatu ni The Surface of Things cha Prita Meier (2024), historia ya picha katika pwani ya Waswahili. Mwandishi anaitazama picha kama kitu cha kushikwa, kutundikwa na kupewa, na wala hafichi kwamba baadhi ya waliopigwa picha hawakuwa na uwezo wa kukataa. Kama ni kununua kimoja tu, kinunuliwe hiki.

Vyote vitatu vimeandikwa kwa Kiingereza, na habari zake nyingi ni za Mombasa, Lamu na Unguja. Kwale inaonekana kwa mbali. Hilo si kosa la waandishi hao. Ni kazi ambayo bado inatungoja.

6. Kazi ya wanalugha

Kuandika maelezo ya picha za Kwale kwa Kiswahili si kazi nyepesi kama inavyodhaniwa. Tuchukue neno kaya. Kwa msomaji wa Dodoma kaya ni watu wa nyumba moja wanaohesabiwa katika sensa. Kwa Mdigo na Mduruma ni mji wa kale ndani ya msitu, na baadhi ya misitu hiyo, Kaya Kinondo ikiwamo, imeandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia tangu 2008. Kigango nacho, kwa Mkatoliki wa bara, ni tawi la parokia. Tukikimbilia kukiita sanamu, tumekitia maana ya kitu kinachoabudiwa, jambo ambalo wenyewe hawalikubali. Kwa hiyo yafaa maneno ya Chidigo, Chiduruma na Kigiriama yaachwe yalivyo katika maelezo, kisha yafafanuliwe. Kwa Chidigo tunayo tayari kamusi ya Mgombato ya mwaka 2004, iliyo na tafsiri za Kiingereza na Kiswahili.

Iko hatari moja isiyofaa kunyamaziwa. Jina na mahali vilivyomsaidia mwenye mali kudai vinaweza pia kumwelekeza mwizi. Kaya ina vitu ambavyo wazee hawavionyeshi, kama fingo iliyozikwa, na mgeni aingiapo Kaya Kinondo hufungwa kaniki na kuongozwa. Kwa sababu hiyo twashauri pawe na maelezo mawili: ya kwanza, ya kuchapwa, yatakayokubaliwa na wenyewe, na ya pili, kamili, yenye majina, mbari, mahali, mwaka na jina la mpiga picha, yatakayohifadhiwa nyumbani kwao na katika hifadhi ya chuo.

Wazee wanaoweza kusema huyu katika picha ni nani wanapungua kila mwaka. Wanafunzi wetu watokao Kwale wanakwenda likizo mara kadhaa kwa mwaka, na wengi wao wana picha za zamani ukutani kwao. Waanze na hizo.