Jina Kwenye Pindo la Mfarishi

Mwaka 1886 mji wa Athens, jimbo la Georgia nchini Marekani, ulifanya maonyesho ya pamba. Pembeni palining'inizwa mfarishi mmoja wa ajabu. Mifarishi mingi ya siku zile ilikuwa ya viraka vya nyota na pembetatu, lakini huu ulijaa watu na wanyama waliokatwa katika vitambaa na kushonewa juu yake: Adamu na Hawa, Kaini akimuua Abeli, ndoto ya Yakobo, Yuda na vipande vyake 30 vya fedha. Visa vilikuwa 11.

Jennie Smith, mwalimu wa sanaa, aliuona, akasimama. Alimtafuta mshonaji mpaka akampata: Harriet Powers, mwanamke mkulima aliyezaliwa utumwani mwaka 1837. Smith alitaka kuununua, naye Powers akakataa katakata. Miaka kama minne baadaye hali ilikuwa ngumu. Powers alifika mlangoni kwa Smith juu ya gari la ng'ombe, mfarishi umo mapajani, umefungwa ndani ya mfuko safi wa unga na juu yake gunia. Aliomba dola 10, akapewa 5. Kabla ya kuuacha alieleza kila kisa kwa kinywa chake, na Smith akayaandika maelezo hayo. Baadaye Powers alirudi mara kadhaa kuutazama tu, kama mzazi anayekwenda kumjulia hali mtoto aliyeolewa mbali.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu historia ya maonyesho ya mifarishi Marekani inapimwa vizuri zaidi kwa swali moja: jina la aliyeshona liko wapi? Katika maonyesho ya kilimo ya wilaya, mifarishi ilishindanishwa jirani na ng'ombe, maboga na vyakula vya kopo, na mshindi akafungiwa utepe. Watu walifahamiana. Aliyedai kazi ya mwenzake angeumbuliwa papo hapo.

Maonyesho yalipokuwa makubwa, ulinzi huo ulilegea. Mwaka 1933 kampuni ya Sears iliandaa shindano la taifa sambamba na Maonyesho ya Dunia ya Chicago. Mifarishi zaidi ya 24,000 iliingia, ikachujwa katika maduka yake ya mitaa, kisha kanda kwa kanda, hadi ikabaki 30. Aliyeshinda alikuwa Margaret Rogers Caden wa Kentucky. Ilikuja kujulikana baadaye kwamba hakuwa ameupitisha uzi hata mmoja. Kazi ilifanywa na wanawake aliowalipa ujira, na fedha ya ushindi hawakuionja. Kwangu mimi huo ni wizi.

Mwaka 1971 Jumba la Makumbusho la Whitney, New York, lilitundika mifarishi takriban 60 ukutani kama michoro. Ilikuwa heshima kubwa. Hata hivyo wengi wa washonaji hawakutajwa. Watazamaji walisifu rangi na mistari, mkono ukasahaulika.

Waliolisahihisha jambo hilo kwa sehemu kubwa ni wanawake weusi wa Gee's Bend, kijiji kilichozungukwa na kona ya mto Alabama. Huko mifarishi ilishonwa kwa nguo kuukuu za kazi, suruali za jinzi zilizochakaa magotini, ili watoto wasilale na baridi. Ukumbi wao wa kwanza ulikuwa kamba ya kuanikia nguo. Mwaka 1966 wanawake wa eneo hilo waliunda ushirika wa Freedom Quilting Bee, wakaanza kuuza. Ilipofika 2002, makumbusho ya Houston na kisha Whitney ileile yalionyesha kazi za kijiji hicho, safari hii pamoja na majina ya washonaji.

Ukibahatika kuingia katika maonyesho madogo, yale ya ukumbi wa kanisa au maktaba ya mji, usikimbilie rangi. Soma kwanza kikadi. Mara nyingi hapo huwa kuna wasaidizi waliovaa glavu nyeupe. Waombe wakuinulie pindo uone upande wa pili. Bitana ndiyo inayosema kweli: utaona mishono ilivyofuatana na kuishika pamba ya katikati isihame, na pengine utakuta jina na mwaka vimedariziwa kwenye kona.

Powers alifariki mwaka 1910. Mifarishi yake inayojulikana kusalia ni miwili tu: ule wa 1886 uko Smithsonian, Washington, na mwingine wenye visa 15 uko Makumbusho ya Sanaa ya Boston. Mwaka 2021, katika maonyesho ya Boston, miwili hiyo iliwekwa pamoja kwa mara ya kwanza, na jina lake likiwa limeandikwa kando ya kila mmoja.