Mbung'o

Mbung'o (pia ndorobo) ni nzi mfyonza damu wa jenasi *Glossina*, anayeishi Afrika kusini mwa Sahara. Ana rangi ya kahawia au kijivu na urefu wa milimita 6 hadi 14 hivi. Akitua, hulaza bawa moja juu ya jingine kabisa, na mrija wake wa kufyonzea huelekea mbele ya kichwa. Nzi wa nyumbani hana dalili hizo. Alama ya hakika zaidi imo katikati ya bawa: sehemu iliyozungukwa na vena, yenye umbo la shoka. Dume na jike wote hufyonza damu, na hueneza malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Kisiwani Unguja, *Glossina austeni* alitokomezwa miaka ya 1990 kwa kuachilia madume tasa.