Kioo Cheusi Kabla ya Fasheni

Mwaka 2019, Android 10 na iOS 13 zilipoleta hali ya giza kwenye simu nzima, watu mitandaoni walishangilia kana kwamba kimegunduliwa kitu kipya. Haichoshi macho, walisema, tena inatunza chaji. Jamani, kioo cheusi ni kikongwe. Na habari ya namna kilivyoondolewa inamgusa mtu wa Dutwa kuliko inavyowagusa waliokuwa wakishangilia.

Mitambo mingi ya kompyuta ya miaka ya 1970 ilionyesha herufi za kijani au nyeupe juu ya weusi. VT100 ya mwaka 1978 ndiyo inayokumbukwa zaidi. Waliogeuza mambo ni watafiti wa Xerox kule California. Alto yao ya 1973 ilikuwa na kioo kilichosimama wima kama ukurasa, herufi nyeusi juu ya weupe, kwa sababu walitaka unachokiona kiwe ndicho kitakachotoka kwenye printa. Macintosh ikalipeleka wazo hilo kwa watu wengi mwaka 1984. Kwa sisi wapenda vitabu ni wazo tamu: kioo kimekuwa karatasi. Ila karatasi haiwaki. Karatasi inapokea mwanga, kioo kinautoa, na kinautoa moja kwa moja kwenye jicho lako.

Dutwa iko Bariadi, nchi ya pamba na jua kali. Hadi 2012, Simiyu ilipofanywa mkoa, huko kulikuwa Shinyanga. Kanda ya Ziwa ikitajwa pamoja na ualbino, kinachokuja kichwani ni mauaji. Magazeti yaliandika kuhusu mapanga, na yalipaswa kuandika. Macho yalipata nafasi ndogo. Mwenye ualbino hupungukiwa melanini hata ndani ya jicho: mwanga unaingia bila kuchujwa, sehemu ya retina ya kuonea vitu vidogo haikui sawasawa, na mara nyingi macho hutikisika yenyewe. Miwani husaidia, haimalizi.

Dada mmoja wa ukoo wetu pale Dutwa, mwenye ualbino, alikaa na kiswaswadu muda mrefu wenzake wakiwa wamehamia simu janja. Watu walisema ni ubahili. "Kaka, kile cheupe kinanipiga machoni," aliniambia, "halafu maandishi yenyewe sisimizi." Kiswaswadu chake kilikuwa na adabu moja: ukibonyeza namba, tarakimu zinatokea kubwa.

Kwenye vitabu dawa ilikuwa ukubwa. Mwaka 1964 Frederick Thorpe wa Leicester, Uingereza, alianza kuchapa riwaya kwa herufi kubwa chini ya jina la Ulverscroft. Vitabu vizito, lakini mzee akasoma mwenyewe bila kusomewa.

Kwenye kompyuta dawa ilikuwepo pia, ila imefichwa. Windows 95 ilikuwa na mpangilio wa rangi kali kwa wenye uoni hafifu, ndani kabisa ya mipangilio. Desemba 2008, WCAG 2.0, mwongozo wa kimataifa wa tovuti, ukaweka hesabu: maandishi ya kawaida yazidi mandhari yake kwa angalau 4.5 kwa 1. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1, kwa hiyo kilichoombwa si kikubwa. Halafu ikaja iOS 7 ya mwaka 2013 na herufi nyembamba kama uzi, na wabunifu wengi wakapenda kijivu juu ya weupe. Kwangu hiyo ilikuwa fasheni ya vijana wenye macho mazima.

Nyeusi nayo haimfai kila mtu. Wapo ambao herufi nyeupe juu ya giza huwatawanyikia, hasa wenye astigmatizimu. Kinachotakiwa ni mtu achague mwenyewe, na chaguo lake lifuatwe mpaka mwisho.

Mpaka mwisho, maana hela iko huko. Menyu za kutuma pesa kwa nyota na reli zina muda. Ukisoma taratibu zinajifunga. Dada yetu alikuwa akimwita mtoto amsomee, na namba ya siri ikawa ya watu wawili. Siku hizi ana simu janja, herufi kubwa, kioo cheusi. Ujumbe anasoma mwenyewe. Lakini programu anayotumia kutuma hela haijali mipangilio yake: inafungua ukurasa mweupe pe, na visanduku vya kijivu hafifu, palepale anapotakiwa kuandika namba ya siri. Mtoto bado anaitwa.