Rangi ya Ndege za Vita Juu ya Nchi ya Wamakonde

Mtu atakaye kutengeneza mfano mdogo wa ndege iliyoruka juu ya Masasi na Newala katika mwaka 1917 hukuta kazi yake imegawanyika mafungu mawili yasiyolingana. Fungu la kwanza ni la vipimo, nalo lina majibu. Ndege ya Kiingereza aina ya B.E.2c ilikuwa na upana wa mita 11 na robo hivi, toka ncha ya bawa moja mpaka ncha ya bawa la pili. Upana huo ukigawanywa kwa 72, kama ilivyo desturi ya mafundi wengi wa kazi hii, hupatikana mfano wa karibu sentimita 16. Mti hukubali kukatwa kwa kipimo, wala rula haibishani na mtu. Fungu la pili ni la rangi, na hapo rula hunyamaza.

Watu wengi hudhani kuwa rangi ni pambo litiwalo baada ya kazi kwisha. Katika mambo ya historia haiko hivyo. Kila rangi ipakwayo juu ya mfano ni usemi juu ya jambo lililopita: husema ndege ilikuwa ya mwaka gani, ilitoka wapi, ilikingwa na adui yupi, na nani aliyeitazama. Usemi huo huweza kuwa kweli, huweza kuwa uwongo, na mtazamaji hana njia nyepesi ya kuutenga, maana jicho huamini kabla akili haijauliza. Kwa hiyo yapasa rangi ichaguliwe kama ushahidi uchaguliwavyo mbele ya kadhi, siyo kama kanga ichaguliwavyo dukani.

Vita vilifika uwanda wa juu wa Wamakonde vikiwa vimechoka, lakini havijakoma. Toka tarehe 15 mpaka 18 Oktoba 1917 yalipiganwa mapigano ya Mahiwa, bara ya Lindi, mojawapo ya mapigano makali kupita yote katika Afrika ya Mashariki. Baada yake jeshi la Wadachi chini ya Paul von Lettow-Vorbeck lilirudi nyuma kwa njia ya Chiwata na Nambindinga, likaacha wagonjwa na wasioweza kwenda, likapita Newala, na tarehe 25 Novemba likavuka mto Ruvuma penye Ngomano na kuingia nchi iliyokuwa ya Wareno. Waliovuka walikuwa Wazungu wapatao 300, askari Waafrika wapatao 1,700, na wapagazi wapatao 3,000.

Katika vita hivyo mbingu zilikuwa za upande mmoja. Wadachi walikuwa na ndege moja tu, iliyoletwa Dar es Salaam na Bruno Büchner mwaka 1914 kwa ajili ya maonyesho, nayo iliharibika mapema. Waingereza walianza na ndege za majini katika delta ya Rufiji, walipokuwa wakiitafuta manowari Königsberg. Mwezi wa Julai 1915 ndege zilizoruka kutoka kisiwa cha Mafia ziliongoza mizinga ya merikebu Severn na Mersey mpaka manowari hiyo ikavunjwa. Kisha tarehe 31 Januari 1916 Kikosi cha 26 cha jeshi la ndege la Uingereza, ambacho watu wake wengi walitoka Afrika ya Kusini, kilishuka Mombasa kikiwa na ndege za B.E.2c na Henri Farman, kikafuata vita toka upande wa Kilimanjaro mpaka kusini.

Hapo ndipo swali la rangi linapopata shina lake. Ndege za zama hizo hazikuwa za bati. Zilikuwa mifupa ya mti au chuma iliyovikwa kitani, na kitani hicho kilipakwa dawa ya selulosi ili kikaze kama ngozi ya ngoma na kisipitishe maji. Dawa peke yake haikuwa na rangi. Kitambaa kilibaki cheupe chenye umanjano, kama maziwa yaliyotiwa samli. Ndege nyingi za mwaka 1915 na za mwanzo wa 1916 zilikuwa hivyo. Lakini jua lilikuwa adui asiyeonekana. Miale yake ilikula kitani polepole, na bawa lililoonekana zima liliweza kuwa limeoza. Katika mwaka 1916 Waingereza wakaanza kueneza matumizi ya dawa yenye rangi, iliyoitwa P.C.10, ambayo ndani yake mlikuwa na udongo wa kutu ya chuma na masizi. Kwa nchi za joto kali ilifanywa nyingine, P.C.12, iliyoelekea wekundu zaidi.

Jambo hili lastahili kutazamwa vizuri. Mtu aonaye ndege ya vita imepakwa rangi ya udongo husema upesi kuwa imefichwa isionekane na adui. Maficho yalikuwamo, lakini kazi nyingine ya rangi ile ilikuwa kumkinga kitani na jua. Hivyo rangi yaeleza hali ya nchi pamoja na hila ya vita. Fundi asemaye kuwa ndege zote za vita vile zilikuwa za rangi ya kaki hukosea mwaka. Na asemaye kuwa zote zilikuwa nyeupe hukosea vile vile. Kila ndege yahukumiwa kwa tarehe yake.

Wako wasemao kuwa ubishi huu huishia penye picha: picha za zama zile zipo, na zitazamwe. Lakini picha hizo ni shahidi mwenye kasoro. Sahani nyingi za kioo zilizotumika wakati ule hazikuona rangi kama jicho la binadamu. Ziliona samawati kwa wingi na nyekundu kwa shida kabisa. Kwa sababu hiyo rangi nyekundu hutokea nyeusi katika picha, manjano huweza kutokea ya giza, na samawati hutokea nyepesi kama maji. Alama ya duara ya Waingereza, yenye nyekundu katikati, nyeupe pembeni yake, na samawati nje, hugeuka katika picha kuwa kiini cheusi ndani ya mzingo uliofifia. Asiyejua desturi ya sahani zile ataipaka alama hiyo kinyume cha haki, naye ataapa kuwa ameiona kwa macho yake.

Hata alama zenyewe zina tarehe. Jeshi la nchi kavu lilianza kutumia duara la rangi tatu mwishoni mwa mwaka 1914. Lakini ndege za jeshi la majini zilikuwa kwa muda na mzingo mwekundu uliozunguka nyeupe tupu, mpaka nazo zikaifuata alama ya wenzao katika mwaka 1915. Kwa hiyo ndege ya Rufiji na ndege ya Newala si ndugu wa kuvishwa nguo moja, ijapokuwa zilikuwa za dola moja na katika nchi moja.

Liko na jambo la lugha. Kiswahili tangu kale kina majina machache ya rangi yasiyoazimwa kwa kitu: nyeupe, nyeusi na nyekundu. Zilizobaki huitwa kwa vitu vyake: majani, kahawia ya kahawa, kijivu cha majivu, maji ya kunde, damu ya mzee. Hata neno kaki, lililofika kwa njia ya Bara Hindi, asili yake ni vumbi. Wako waonao jambo hili kuwa upungufu. Kwa fundi wa mifano ni msaada mkubwa. Mwandishi wa lugha nyingine aweza kuandika jina la rangi na kudhani amekwisha kuieleza. Mswahili hulazimika kutaja kitu, na kitu huweza kuletwa mezani na kulinganishwa. P.C.10 haikuwa rangi moja isiyogeuka. Ilibadilika kwa kiwanda, kwa vanishi iliyopakwa juu yake na kwa siku ilizokaa juani, toka rangi ya majani yanayokauka mpaka rangi ya kahawa iliyokaangwa. Asemaye “majani yanayokauka” amesema kweli zaidi kuliko atajaye namba ya kopo.

Chombo kimoja cha hewani kilichohusika na nchi hii hakikufika kamwe. Tarehe 21 Novemba 1917 merikebu ya hewani L 59, yenye urefu wa mita 226 na nusu, iliondoka Jamboli katika Bulgaria chini ya Kapteni Ludwig Bockholt, ikiwa na shehena ya tani zipatazo 15 za risasi, dawa na vifaa vya vita kwa ajili ya jeshi la Lettow-Vorbeck. Haikutazamiwa kurudi. Kitambaa chake kilikusudiwa kuwa mahema na mavazi, ngozi za njia yake ya ndani viatu, mitambo yake ya kufua umeme, na mifupa yake minara ya simu ya upepo. Jua la jangwani lilipasha moto gesi yake ikapungua, na baridi ya usiku ikaishusha karibu kuangamia. Tarehe 23 Novemba, ilipokuwa magharibi ya Khartoum, ilipata simu ya kuirudisha. Simu hiyo ilitaja uwanda wa Wamakonde uliokwisha kushikwa na adui, na mahali pamoja kwa jina lake: Kitangari. Ikageuka, ikafika Jamboli baada ya mwendo wa kilomita zaidi ya 6,700 katika saa 95. Mwezi wa Aprili 1918 ilianguka baharini karibu na Italia ikiwaka moto, na wote waliokuwamo wakafa.

Fundi atakaye kuitengeneza L 59 pamoja na B.E.2c kwa kipimo kimoja cha 1 kwa 720 atapata chombo cha sentimita 31 na nusu kando ya kidude cha sentimita moja na nusu. Na kwa rangi yake asiihukumu kwa jamaa zake. Merikebu nyingi za hewani zilizopiga Uingereza usiku zilipakwa nyeusi upande wa chini ili taa za adui zisizione. Lakini desturi ya jamaa si ushahidi juu ya mtu. Ashike picha ya chombo chenyewe, aikumbuke kasoro ya sahani, ndipo achanganye rangi.

Kanuni nyingine hutokana na umbali. Mfano wa 1 kwa 72 ukitazamwa kutoka mita moja ni kama ndege kamili iliyotazamwa kutoka mita 72. Kati ya jicho na kitu cha mbali mna hewa na vumbi, navyo hupunguza ukali wa rangi: weusi huelekea ujivu, na wekundu hupoa. Rangi iliyo sahihi kabisa juu ya bawa la mita 11 huonekana nzito mno juu ya bawa la sentimita 16. Kwa hiyo mafundi wengi huongeza nyeupe kidogo katika rangi, nao hawadanganyi kwa kufanya hivyo, maana wanachoiga ni kuonekana kwa ndege, siyo kopo la rangi.

Kuonekana na nani? Swali hili ndilo zito kupita yote, na mara nyingi huachwa. Mfano uwekwao juu ya meza hutazamwa kutoka juu, na upande wa juu ndio fundi anaoutaabikia. Lakini mwaka 1917 ni wachache mno waliozitazama ndege zile kutoka juu. Mtu wa Newala, wa Mnyambe au wa Kitangari aliziona kutoka chini, akiwa shambani kwake au akiwa na mzigo kichwani. Na upande wa chini haukuwa wa kaki. Hata baada ya P.C.10 kuenea, desturi ilikuwa kuipaka juu ya mabawa na ubavuni, na kitani cha chini kikaachwa na weupe wake wa asili. Mwanga wa jua ulipenya kitambaa hicho, na mbavu za bawa zikaonekana kama vijiti ndani ya karatasi ya tiara. Hiyo ndiyo rangi ya vita vya angani kwa watu wa nchi: weupe unaopitisha mwanga, wenye duara mbili kama macho.

Hao waliotazama kutoka chini ndio waliolipa gharama. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita vile kwa njaa, maradhi na uchovu, na Kariakoo ya Dar es Salaam hata leo yachukua jina la kikosi cha wapagazi. Picha za marubani zimehifadhiwa. Za wapagazi ni chache, tena mara nyingi hazina majina. Lugha peke yake ndiyo iliyohifadhi mtazamo wao, ilipokiita chombo kile kipya ndege, neno ambalo kabla ya hapo lilikuwa la kiumbe arukaye na la fali, njema au mbaya, imkutayo msafiri njiani.

Kwa hiyo fundi wa uwanda wa Wamakonde, nchi iliyozoea kuchonga mti mwepesi wa sura za mapiko na kuzitia rangi, ana uamuzi wa kufanya ambao karatasi ya maelekezo iliyomo ndani ya sanduku la vipande vya plastiki haiwezi kumfanyia. Achague kwanza mwaka, kisha kikosi, kisha kitambaa na dawa yake. Aisahihishe picha kwa elimu ya sahani. Aipunguze rangi kwa umbali. Baada ya hayo mfano asiuweke mezani. Autundike darini, juu kuliko kichwa cha mtu mrefu, ili kila aingiaye chumbani alazimike kuinua uso na kuutazama upande wa chini.