Ubao Kabla ya Taruma: Mfano wa Mtepe na Elimu ya Mwanagenzi

Mtepe, chombo cha kushonwa cha visiwa vya Lamu, ulitoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Ufundi wa kushona vyombo ni wa kale mno katika pwani hii: Periplus ya Bahari ya Eritrea, kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza, chaeleza kuwa bandari ya Rhapta ilipata jina lake kutokana na mashua zake zilizoshonwa. James Hornell alipochapisha makala yake kuhusu mtepe mwaka 1941, enzi ya chombo hicho ilikuwa imekwisha kupita. Mtafiti wa leo amebakiwa na maandishi, picha na mifano midogo kama ile ya makumbusho. Je, mfano waweza kufundisha lisilofundishwa na maandishi?

Jibu hupatikana kwa kumtazama mwanagenzi anapobandika mbao za mfano wake wa kwanza. Katika mifano ya merikebu za Kizungu, mataruma husimamishwa kwanza juu ya mkuku, kisha mbao hufuata umbo lililokwisha kuamuliwa. Hata hivyo kazi si nyepesi. Tumbo la chombo ni pana kuliko ncha zake. Kwa hiyo kila ubao sharti upunguzwe upana kuelekea omo na tezi, ulowekwe maji, ndipo upindwe. Asiyeupunguza huona ubao ukipanda juu na kukataa kulala. Anayemaliza ubavu mmoja kabla ya kuugusa wa pili huona mkuku umepinda.

Mtepe hugeuza utaratibu huo. Mbao hutangulia: ubao wa kwanza hushonwa kwenye mkuku kwa kamba ya makumbi ya nazi, wa pili hushonwa kwa wa kwanza, na mataruma hufungwa ndani baadaye. Hapa hakuna taruma la kumwongoza fundi. Ukingo wa kila ubao ndio unaoamua umbo. Mwanagenzi aliyezoea mataruma hukwama, na kukwama huko ndiko kunakomfunza kwamba umbo la mtepe lilikaa katika jicho na mkono wa fundi.

Jambo hili lawahusu wanaleksikografia pia. Kamusi huyapanga maneno mkuku, ubao na taruma kwa alfabeti. Haisemi lipi hutangulia kazini. Msamiati uliokusanywa bila utaratibu wa kazi ni nusu ya elimu.

Mwaka 2003 mtepe wa ukubwa kamili ulijengwa Zanzibar, ukawekwa Beit-al-Ajaib. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jengo hilo iliporomoka. Makumbusho peke yake, basi, si hifadhi ya kutosha. Panapokosekana mtepe wa kushonwa, hata mfano wa kiasi cha dhiraa moja, ukishonwa ubao kwa ubao na mwanafunzi, huurithisha utaratibu ule kwa mikono mingine.