Johannesburg: Hesabu ya njia iliyo bora

Mtu aliyeendesha mtambo wa kizimba katika migodi ya dhahabu ya Witwatersrand alishika roho za watu mkononi. Kizimba kilichojaa wachimbaji kilining'inia kwenye kamba ya chuma ndani ya shimo refu, naye, akiwa juu ya ardhi, ndiye aliyeamua lini aongeze mwendo na lini ashike breki.

Uamuzi wa namna hiyo ndio kiini cha somo gumu la shahada ya uzamili katika hisabati na uhandisi, yaani udhibiti bora wa mifumo. Chombo kinatoka hapa, kinatakiwa kufika pale. Kiongozwe vipi ili muda au nishati itumike kidogo iwezekanavyo? Zoezi la mwanzo aghalabu huwa kigari kwenye reli isiyo na msuguano, na jibu lake huwashangaza wengi: kaza mwendo kwa nguvu zote hadi nusu ya njia, kisha funga breki kwa nguvu zote. Bila shaka mchimbaji aliyemo kizimbani asingelipenda jibu hilo. Kamba ina kikomo chake, mwili wa binadamu pia, na hapo ndipo hesabu inapokuwa ngumu.

Katika miaka ya 1950, Lev Pontryagin na wenzake mjini Moscow, na Richard Bellman nchini Marekani, walitoa kanuni mbili za kulijibu swali hilo. Ya Bellman huanzia mwisho wa safari na kurudi nyuma, ikiuliza kila mahali hatua ipi ni bora kuanzia hapo. Lakini chombo kikiwa na viungo vingi, mahali pa kuulizia huongezeka hata kompyuta ikashindwa kupahifadhi.

Miongoni mwa waliotafuta njia ya kukwepa kikwazo hicho alikuwa David Mayne, aliyezaliwa mwaka 1930 huko Germiston, mji wa dhahabu kando ya Johannesburg. Alisoma Chuo Kikuu cha Witwatersrand, maarufu kama Wits, taasisi yenye asili katika shule ya migodi, na akafundisha hapo hadi 1959 alipohamia Imperial College, London. Mwaka 1966 alichapisha pendekezo lake. Usichore ramani nzima, alisema kwa lugha ya hesabu. Chukua njia ya kubahatisha, rudi nyuma ukipima marekebisho kandokando yake tu, kisha isafiri upya, mpaka isiweze kuboreka tena. David Jacobson, mhitimu mwingine wa Wits aliyefanya shahada ya uzamivu London, aliiendeleza kazi hiyo, na mwaka 1970 wawili hao wakatoa kitabu, Differential Dynamic Programming. Baadaye Jacobson alirejea Wits kama profesa wa hisabati tumizi. Mayne alifariki dunia mwaka 2024, wakati mbinu hiyo ikitumika kukokotoa mwendo wa roboti zenye miguu.

Mwaka 1959 una kumbukumbu nyingine pale Wits. Haidaiwi kwamba ndiyo iliyomwondoa Mayne, lakini ndio mwaka ambao serikali ya ubaguzi wa rangi ilipitisha sheria iliyomzuia mwanafunzi Mwafrika kujiunga na vyuo vikuu vya Wazungu bila kibali cha waziri. Walimu na wanafunzi wa Wits walikuwa wameandamana kuipinga tangu 1957. Hawakusikilizwa.

Migodini mlango ulifungwa mapema zaidi. Sheria ya mwaka 1926 iliwanyima Waafrika vyeti vya kazi za ufundi, na kuendesha mtambo wa kizimba kulihitaji cheti. Wanyakyusa kutoka Tukuyu, walioandikishwa na shirika lililojulikana kama Wenela hadi Tanganyika iliposimamisha uajiri huo baada ya uhuru wa 1961, walishuka na kupanda kwa mkono wa mtu mwingine. Kizuizi hicho cha vyeti kiliondolewa mwishoni mwa miaka ya 1980.